Sakafu ya Jaruba

"Shemeji, sasa unabishana na dunia nzima!" Zablon alifoka, akakipiga kigoda kwa kiganja mpaka jiwe lililokuwa juu yake likacheza.

"Dunia nzima haijawahi kuja kunisaidia kupalilia," Romana akamjibu. "Siku ikija nitabishana nayo. Leo nipo na wewe."

"Linatakiwa neno moja tu. Ndiyo. Kaka ameshalisema."

"Kaka yako hata ukimuuliza kama ana homa atasema ndiyo, ili asikuvunje moyo."

Optatus, kaka mwenyewe na mume wa Romana, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliinama akaanza kukagua mpini wa jembe ambao haukuwa na tatizo lolote.

Jiwe lile ndilo lililoleta yote. Lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mbuzi, zito kuliko lilivyoonekana, na ukililowesha lilitoa rangi ya kijani kama kisamvu kilichoiva nusu. Zablon alikutana nalo wakati wa kiangazi, alipokuwa anachimba shimo kwenye pembe ya jaruba la mpunga la chini ili apate maji ya kufyatulia tofali. Akalipakia kwenye bodaboda yake hadi Mpanda mjini, akalionyesha huku na huku, mpaka likamfikia mtu anayeitwa Leodgar, dalali wa madini, mwenye sauti ya taratibu na viatu visivyoshika vumbi. Leodgar akaja kijijini kwao, Kakese, na mashine mfano wa bastola. Akailenga kwenye jiwe, ikalia, akasoma kioo chake, kisha akasema, "Shaba. Tena shaba kweli kweli."

Vijana wake wakapanua shimo la Zablon, yakatoka mawe mengine ya aina ileile, ya kujaza karai. Yakaingia kwenye magunia, magunia yakaingia kwenye gari. Zablon akabaki na lile la kwanza. Alilifunga kitenge akalilaza chini ya kitanda chake kwa kuogopa wezi, na leo alilitoa ili lisaidie kubishana.

Tangu siku ile Romana alikuwa haelewi. Si kwamba alikuwa mzito. Alikuwa na stashahada ya ualimu, akifundisha hisabati darasa la sita, na hata walimu wenzake walimwogopa kwa sababu alikuwa akiikosoa ratiba kabla gundi yake haijakauka ukutani. Lakini jambo hili lilimponyoka kila alipolishika. Mara ya kwanza Zablon alisema watu wanatafuta lithiamu. Baadaye ikawa nikeli. Baadaye shaba. Romana alipomuuliza ni kipi hasa, alijibiwa, "Vyote, shemeji, vyote vinaingia kwenye betri," kwa sauti ya mtu aliyeziunda hizo betri kwa mikono yake.

Leodgar alikuwa na maelezo yaliyonyooka, na hayo ndiyo yaliyomvuruga zaidi. Magari duniani, alisema, yanaacha mafuta yanahamia kwenye umeme. Kila gari linabeba betri chini ya sakafu, nzito kama ng'ombe. China wanajenga viwanda vya betri, Ulaya wanajenga, Marekani wanajenga, hata Moroko na Indonesia wanajenga. "Tazama, Mwalimu," akasema, akampa simu.

Kwenye simu kulikuwa na ukumbi mweupe kama chumba cha upasuaji, mrefu mpaka mwisho wake hauonekani. Mikono ya chuma ilikuwa ikipokezana vitu. Katikati kulikuwa na karatasi ya shaba ikijiviringisha, inang'aa, nyembamba kuliko ile ya ndani ya pakiti ya sigara.

"Hiyo karatasi ndiyo inayopitisha umeme ndani ya betri," Leodgar alisema. "Na nyaya za gari zima ni shaba. Wote hao wanaijia shaba popote ilipo. Na ipo kwako."

"Watu wako wapi?" Romana aliuliza.

"Watu gani?"

"Wa humo kiwandani. Sioni mtu."

"Hawahitajiki wengi, Mwalimu."

"Ila shamba langu linahitajika lote."

Leodgar alicheka, akidhani ametaniwa. Romana hakuwa anatania. Aliyatazama majaruba yake, akaitazama tena simu, akajaribu kuuona mtaro unaotoka kwenye tope hili hadi kwenye ukumbi ule mweupe, akashindwa. Akawa anasikiliza redio ili aelewe. Asubuhi redio ilisema viwanda vya betri vinajengwa kwa kasi isiyowahi kuonekana. Jioni redio ileile ikasema kimoja kimefungwa hata kabla hakijazinduliwa. Alizima akaenda kukoroga uji.

Sasa ilikuwa Desemba. Shule zilikuwa zimefungwa na mvua zilikuwa zimeshika. Majirani walikuwa wameinama majarubani tangu wiki iliyopita, na vicheko vyao vilisikika mpaka uani. Miche ya mpunga ya Romana ilikuwa bado kitaluni, imepita umri wa kuhamishwa, ncha zimeanza kuwa njano. Leodgar alikuwa amesema wasipande kwanza. Alipigilia vigingi katikati ya jaruba la chini, akafunga kamba nyekundu kutoka kwenye shimo hadi tuta la juu, kuonyesha mtaro wa kupimia shaba utakapopita. Kilichokuwa kinamzuia ni sheria. Shamba ni la mume na mke, na mke lazima akubali kwa kinywa chake. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kilikuwa kimeshashushwa barabara kuu asubuhi hiyo, na Leodgar alikuwa ameenda kukiongoza. Angerudi muda wowote kuchukua lile neno moja.

"Mama Happy," Optatus alisema hatimaye, akiwa bado ameshika mpini, "hivi tatizo lako hasa ni nini?"

"Jiwe," Romana akajibu. "Tatizo langu ni jiwe. Nimelilima jaruba lile tangu umenioa. Jembe langu limekutana na konokono, limekutana na kijiko cha chai, limekutana na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Jiwe sijakutana nalo, hata la kufukuzia ndege. Leo mnaniambia nimekalia mlima wa shaba."

"Jembe lako linaenda kina gani?" Zablon akadakia. "Shaba iko chini, shemeji. Chini kabisa."

"Na huko chini ndiko sitaki paguswe!"

Hapo Optatus aliuweka mpini chini, kwa sababu alijua kinachosemwa. Chini ya tope la jaruba kuna sakafu. Haikumwagwa na fundi. Ni udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na ng'ombe na nyayo za watu kila masika, mwaka kwa mwaka, mpaka ukashikamana na kuacha kunywa maji. Baba yake Optatus aliianza, wao wakaiendeleza. Sakafu hiyo ndiyo inayofanya maji yasimame na mpunga uwe mpunga. Fabiani, jirani yao wa ng'ambo, alikubali mtaro wa bomba upite katikati ya jaruba lake. Mtaro ulifukiwa vizuri, ukashindiliwa, ukapandwa hata nyasi juu. Tangu hapo maji ya Fabiani hayalali. Mvua ikikata jioni, asubuhi pamekauka. Siku hizi analima mahindi, na mchele ananunua.

"Watalipa fidia," Zablon alisema kwa sauti ya chini kidogo.

"Fidia ina mwaka mmoja. Ikiisha nitakula sakafu ya nani?"

"Na mimi nimeahidiwa uwakala! Pikipiki za umeme zikifika Mpanda, wakala ni mimi. Huna huruma hata na shemeji yako?"

"Utazichaji wapi? Umeme wa nyumbani kwako ulikatika juzi, hata simu ulikuja kuchaji kwangu."

Romana akauchukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akatoka kuelekea shambani. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuliona lile shimo mwenyewe, peke yake, bila mtu wa kumweleza.

Shimo lilikuwa kwenye pembe, nje kidogo ya tuta, mahali ambapo mpunga haukuwahi kustawi na ambapo hawakuwa wakipalima. Lilimfika kifuani. Maji ya mvua yalikuwa yametuama chini. Romana alivua kandambili, akapandisha kitenge, akashuka.

Alichoma mtaimbo chini. Mfinyanzi. Akachoma upande wa kulia. Mfinyanzi. Akasogea, akachoma kwa nguvu zote mpaka mtaimbo ukazama nusu na kung'ang'ania. Ulipotoka ulikuwa umepakaa mfinyanzi mweusi kama ule wa majarubani. Hakukuwa na mwamba wala kokoto, wala alama ya kijani. Hilo nalo likamchanganya. Kama shaba iko chini, mbona chini hakuna kitu? Na kama haiko chini, yale mawe yalianguka kutoka mbinguni?

Kisha akaliona moja ambalo vijana wa Leodgar walikuwa wamelisahau, limejificha ubavuni mwa shimo. Akalichokonoa, likamwangukia mguuni, akatoa neno ambalo hangelisema darasani. Akaliosha kwenye maji yaleyale. Lilikuwa kijani, zito, na upande mmoja ulikuwa umelainika kama jiwe la kusuguliwa. Aliligeuza ili aoshe upande wa pili, akasimama kama aliyepigwa kofi.

Kulikuwa na msalaba. Si ufa wala mkwaruzo wa mtaimbo. Ulikuwa msalaba uliochongwa, mfupi, mistari yake imekatana katikati.

Romana alilisogeza jiwe karibu na macho. Akalitazama kwa mbali. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini hakuwa mtu wa kuona ishara. Ardhi gani hii, alijiuliza, inayozaa mawe yenye msalaba?

"Hilo la Lucia," sauti ilisema juu yake.

Alikuwa mama mkwe wake, Rozalia, akirudi kutoka sala za jumuiya, mwavuli mkononi na rozari bado imezungushwa kwenye kidole. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo akichungulia, bila mshangao wowote, kama mtu aliyeona sufuria ya jirani.

"La nani, mama?"

"La Lucia. Marehemu, mke wa shemeji yangu mkubwa. Yeye aliweka msalaba. Langu lina mistari miwili. Umelipata wapi, mkamwana? Nilidhani yule bwana amechukua yote."

Romana alilibwaga jiwe nje ya shimo, naye akajivuta akatoka, amejaa tope mpaka viwiko. "Mama, kaa hapa. Nieleze polepole, kwa sababu leo kichwa changu hakiko sawa."

Rozalia hakukaa, maana palikuwa pameloa, lakini alieleza. Pembe ile, alisema, ilikuwa kidimbwi. Hapo ndipo wanawake wa boma zima walipovundika mihogo. Unamenya, unatumbukiza majini, unaiacha ilainike, unaanika, unatwanga. Kama muhogo unaelea, haulainiki, kwa hiyo lazima uukandamize kwa jiwe. Na huku Kakese mawe mazito yako wapi? Hakuna. Kwao Rozalia, Kapalamsenga, ziwani, kuna mabonde yenye mawe ya kijani, mazito ajabu, ukitumbukiza moja muhogo hauinuki tena. Kwa hiyo kila alipokwenda kusalimia kwao alirudi na jiwe, na kila mke mpya aliyeolewa katika boma alipewa lake. Jiwe lenyewe si gumu, unalichonga alama kwa ncha ya panga. Ukiweka jiwe lako juu ya mihogo yako, hakuna anayeigusa.

"Ndivyo tulivyokuwa tukijuana," alisema. "Mwaka wa Elninyo maji yakaleta udongo, yakafukia kila kitu, na mawe ndani. Mzee akasema pafaa jaruba. Wewe ulikuwa hujaja. Ungekuja mapema ungepewa lako."

"Mama." Romana alifuta uso, akaongeza tope. "Wakati Zablon anasema wamepata mawe, kwa nini hukusema?"

"Nani kaniuliza? Zablon kaniambia, mama, watu wanataka mawe ya kijani ya kule pembeni, wanatengenezea betri za magari. Mawe ya kijani ya kule pembeni ni yapi mengine? Nikajua wanayataka mawe yetu. Nikasema sawa, watu wana mambo yao. Sisi tulivundikia mihogo, wao watavundikia magari. Ila nilijiuliza, hayo machache watagawana vipi?"

Romana alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kulia, nako akashindwa. Alilibeba jiwe la marehemu Lucia, akaongoza njia ya nyumbani, na mama mkwe wake akamfuata na mwavuli.

Zablon aliposikia, alitazama jiwe lake kwenye kigoda. Akalipindua. Chini yake kulikuwa na mistari miwili, imelala sambamba, dhahiri kama ya daftari. Alilala juu yake miezi mitatu na hakuwahi kuligeuza.

"Hilo ndilo langu," Rozalia alisema kwa furaha. "Lilikuwa na wewe?"

Kisha Zablon akavuta pumzi, akaangalia njiani, akashusha sauti. "Sikilizeni. Sisi ni nani? Sisi ni wakulima. Mtaalamu ni yeye, mashine ni yake. Kama mashine imesema shaba, kwani ilikosea? Hii si shaba? Tunyamaze tu. Achimbe, akikosa ni hasara yake, fidia tumeshakula."

"Tumeshakula na sakafu pia," Romana alisema.

"Huenda ipo," Optatus alisema, na wote wakamgeukia, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kusema kwanza. "Nasema huenda. Kama ipo Kapalamsenga, kwa nini isiwepo hapa? Nani amewahi kuangalia?"

Hilo ndilo lililomchosha Romana kuliko yote, kwa maana halikuwa upuuzi. Alijua kuzidisha na kugawanya. Alijua jiwe la mihogo halithibitishi kitu. Lakini halithibitishi pia kwamba hakuna. Ukumbi ule mweupe usio na watu ulikuwepo kweli. Karatasi ile nyembamba ilikuwa ikizunguka kweli, hata sasa hivi, na kuna watu mahali fulani walioinuka asubuhi wakiwa na njaa ya shaba. Je, yeye ni nani wa kuwafungia mlango? Na je, wao ni nani wa kumtobolea jaruba?

Kabla hajafika popote na mawazo hayo, walisikia mngurumo. Kijiko kilikuwa kimeacha barabara kinateremka njia ya ng'ombe, mkono wake umekunjwa mbele kama wa panzi. Mbele yake lilikuja gari la Leodgar, polepole, likikwepa madimbwi, yale magunia ya mawe bado yamo nyuma. Walitoka wote wakakutana naye ukingoni mwa jaruba la chini.

"Mwalimu!" Leodgar aliteremka akitabasamu. Akayaona matope. "Naona umeshaanza kuchimba bila sisi."

"Nimechimba, na nimepata. Hii hapa." Romana alimpa jiwe lenye msalaba. "Ni la marehemu Lucia. Alikuwa anakandamizia mihogo. Yote uliyoyabeba ni ya kukandamizia mihogo, na yote yametoka Kapalamsenga kwa miguu ya mama huyu."

Leodgar alilitazama jiwe, akamtazama Rozalia, akatabasamu tena, safari hii kwa upande mmoja. "Mwalimu, kama ni suala la fidia tungeongea tu kistaarabu. Hakukuwa na haja ya hadithi."

"Fungua magunia."

"Mashine haidanganyi."

"Sijasema imedanganya. Imesema jiwe ni shaba. Haikusema jiwe limezaliwa hapa. Fungua magunia."

Alifungua, labda kwa sababu dereva wa kijiko alikuwa ameshuka na kusogea kusikiliza. Rozalia alimpa Romana mwavuli, akainama, akaanza kuyapindua mawe moja baada ya jingine kama anayechagua viazi sokoni. "La dada mkubwa wa waume zetu, ana duara. Hili la mama Kashinje, jirani, alikuwa anaomba nafasi kwa sababu kwao kulikauka. Hili... hili sijui, alama imefutika. Ah, hapana, ni la Generosa, yule alikuwa mvivu hata kuchonga." Akacheka peke yake. "Jamani. Generosa!"

Tabasamu la Leodgar lilikuwa limekwisha. Alichukua jiwe lenye duara, akapitisha kidole gumba kwenye mchongo, akalirudisha, akachukua jingine.

"Lakini nimeshawaambia wakubwa zangu," alisema. Hakuwa akimwambia yeyote. "Nimewaambia kuna shaba Kakese. Wao wameshawaambia wenzao. Kuna watu mpaka nje ya nchi wanajua kuna shaba Kakese." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Siwezi kupiga simu niseme nilipima mawe ya mihogo."

"Waambie ukweli tu, mwanangu," Rozalia alisema. "Mbona ni mawe mazuri."

"Hapana. Tuchimbe." Aliipata tena ile sauti yake ya taratibu. "Kijiko kimeshafika. Mtaro mmoja, mita chache, tufuate kamba. Kama hakuna, hakuna, mimi nitakuwa na jibu la kuwapa. Kama ipo, sote tumepona. Mwalimu, nakuomba. Wewe ni msomi. Hutaki kujua?"

Swali hilo lilimpata pabaya, kwa sababu alitaka. Alitaka kujua kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Zablon alikuwa akimtazama kwa macho ya mtoto anayesubiri andazi. Optatus alikuwa akimtazama kwa macho yake ya kila siku, yale yanayosema ndiyo kabla ya swali. Dereva alikuwa ameshapanda, amewasha, anasubiri mkono wa Leodgar. Minyororo ya kijiko ilikuwa imesimama kwenye tuta, na tuta lilikuwa limeanza kubonyea.

Romana alijaribu mara ya mwisho kuvipanga. Jiwe lilelile lililoizuia mihogo isielee, linaweza kukondeshwa mpaka liwe karatasi, likaendesha gari katika mji ambao hakuna anayejua kuvundika. Wanajenga viwanda, wanavifunga, wanajenga vingine. Huenda shaba ipo chini yake. Huenda hakuna. Huenda watu wale watarudi mwakani wakitaka kitu kingine chenye jina jingine. Hakuelewa, na aliona wazi kwamba hangeelewa kabla jua halijazama. Lakini miche isingemsubiri mpaka aelewe.

Akamrudishia mama mkwe wake mwavuli.

"Mwalimu?" Leodgar aliita.

Romana alikwenda moja kwa moja kwenye kitalu kilichokuwa kando ya tuta la juu, akapiga magoti, akaanza kung'oa miche kwa mikono miwili. Alishika, akang'oa, akapiga mizizi kwenye maji itoke udongo, akafunga fungu kwa jani, akatupa. Mafungu yalianguka ndani ya jaruba la chini, hili hapa, lile pale, mpaka karibu na shimo. Kisha akaingia mwenyewe. Tope lilimfika magotini, na chini ya tope nyayo zake zikaigusa ile sakafu, baridi na ngumu.

Alifika kwenye kigingi cha kwanza, akaking'oa. Leodgar alinyanyua mkono kana kwamba anataka kuuliza kitu darasani. Romana hakukitupa kigingi. Alikisogeza hatua mbili, akakipigilia upya kwa jiwe la marehemu Lucia alilompokonya Leodgar alipompita, akavuta kamba nyekundu, akainama, akapanda mche wa kwanza kando yake. Halafu wa pili, kiganja kimoja mbele. Halafu wa tatu. Kwa miaka mingi alikuwa akimwambia Optatus wapande kwa mstari, na kila mwaka hawakuwa na kamba nzuri.

Dereva alichungulia kutoka juu. "Bosi, nipite wapi sasa?"

Leodgar aliitazama ile miche mitatu ya kijani iliyokuwa imesimama mbele ya minyororo. Kisha akapitisha kiganja mbele ya shingo yake, na injini ikazima, na vicheko vya majirani vikasikika tena kutoka ng'ambo.

Optatus alivua viatu. Alivipanga vizuri juu ya tuta, kimoja pembeni mwa kingine, akakunja suruali, akaingia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Rozalia alikuwa akiyatoa mawe kwenye gunia na kuyapanga kwenye nyasi, moja moja, akimhesabia Leodgar majina ya wenyewe. Zablon alisimama katikati ya watu hao wote, uwakala wake mikononi mwa nani hakujua, akitazama huku, akitazama kule.

"Shemeji," Romana alimwita bila kuinuka, mgongo wake ukiwa umeinama juu ya maji. "Shika ule mwisho wa kamba. Uvute. Imelegea."

Zablon akaingia, na viatu vyake, akaivuta.